Hisa na Hatari: Wenye Hisa wa Ulaya na Bomba la Mafuta Ghafi katika Bukoba na Muleba

Neno hisa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni fungu: sehemu ya mtu katika mali iliyo ya watu wengi, kama vile mrithi awavyo na fungu lake katika mali ya marehemu. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, neno hili halikuenea kwa njia ya mirathi, kwa sababu urithi wa kibanja una maneno yake katika Kihaya. Lilienea kwa njia ya kahawa. Mkulima aliyejiunga na chama cha ushirika alilipa kiingilio, akanunua hisa, akaandikwa jina lake daftarini, na tangu siku hiyo akawa na haki ya kuinua mkono mkutanoni. Maana hiyo yafaa kukumbukwa, kwa kuwa tangu mwaka 2020 wenye hisa wa kampuni moja kubwa ya mafuta ya Ufaransa wamebishana mwaka hata mwaka, na miongoni mwa mambo yaliyokuwa nyuma ya ubishi wao ni bomba linalopita katika wilaya za Bukoba na Muleba. Neno ni lile lile, lakini haki iliyo ndani yake si moja.

Historia ya hisa katika Buhaya yaanza na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932. Wachaga wa Kilimanjaro walitangulia kwa kuunda chama chao mwaka 1933. Wahaya walichelewa, si kwa kukosa nia bali kwa sababu serikali haikuwaamini waliokuwa wakiongoza. Mwaka 1936 kulikuwako Native Growers' Association, chama cha wakulima waliotaka kuuza kahawa yao wenyewe, na mwaka uliofuata serikali ilipotoa kanuni za namna ya kuitunza mibuni, kanuni hizo zilipingwa kwa nguvu hata kukatokea ghasia. Serikali ilisema inajali maradhi ya mibuni. Wakulima walisema mibuni ni yao. Haikuwa mara ya mwisho kwa Buhaya kuambiwa kwamba kuna hatari fulani na kwamba mwenye kuipima hatari hiyo yuko mahali pengine.

Chama kikuu, Bukoba Native Co-operative Union, kilipatikana mwaka 1950. Kanuni iliyokitawala, kama ilivyo katika ushirika wote tangu wafumaji wa Rochdale walipofungua duka lao mwaka 1844, ilikuwa kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hisa mia. Mwenye shamba kubwa na mwenye mibuni michache walikuwa sawa siku ya mkutano. Angalau ndivyo kitabu cha sheria kilivyosema, na mabwana wa nyarubanja hawakuipenda sana habari hiyo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa baada ya sheria ya mwaka 1982, na kile kilichorithi kazi ya Bukoba na Muleba ndicho kijulikanacho leo kwa jina la KCU. Chama hicho chenyewe kikawa mwenye hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA mjini Bukoba. Kwa hiyo wakulima wa wilaya hizi si wageni wa mambo ya hisa, na asiwepo wa kudhani kwamba majadiliano ya Paris yalikuwa juu ya vitu wasivyoweza kuvifahamu.

Mafuta yaligunduliwa magharibi ya Uganda, kando ya Ziwa Albert, mwaka 2006. Kwa miaka kumi ilifikiriwa njia ya kuyafikisha baharini, na kwa muda mrefu Kenya ilionekana kuwa ndiyo itakayochaguliwa. Mwezi Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga. Mkataba baina ya serikali mbili ulitiwa sahihi mwezi Mei 2017, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hata yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima, lisipungue nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Uwezo wake umekadiriwa kuwa mapipa 216,000 kwa siku, na kufikia 246,000 yakitoka kwa wingi kabisa. Kutoka mpakani laingia Missenyi, lavuka Mto Kagera, kisha laelekea kusini kwa kupitia Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Haliufikii mji wa Bukoba wala haliandami pwani ya ziwa; lapita bara, upande wa magharibi, ambako vijiji vimeachana na rweya ni pana.

Fungu la kila mmoja katika kampuni ya bomba lilipangwa hivi: Total asilimia 62, Shirika la Mafuta la Taifa la Uganda 15, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania 15, na kampuni ya Kichina ya CNOOC 8. Kampuni yenyewe imeandikishwa Uingereza. Mwenye neno kubwa, basi, ni Total. Na kwa kuwa Total yenyewe ni mali ya watu na mifuko mingi iliyotawanyika duniani, hoja yoyote juu ya bomba hilo ilikuwa na mlango wa kuingilia katika mkutano mkuu wa wenye hisa wa Total, ambao hufanyika kila mwaka mwezi Mei.

Mlango huo haukuanza kutumiwa kwa ajili ya Buhaya. Mwezi Septemba 2015 Mark Carney, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alitoa hotuba mbele ya wakuu wa bima wa Lloyd's mjini London akazigawa hatari za tabianchi mafungu matatu: hatari za maumbile, kama mafuriko na dhoruba, hatari za madai, yaani walioumia kuwashitaki waliosababisha, na hatari za mpito, yaani thamani ya visima na mitambo kuanguka ghafula dunia itakapoacha kuchoma mafuta. Hotuba hiyo iliwafundisha mameneja wa fedha namna ya kusema. Tangu hapo, aliyetaka kampuni ya mafuta ipunguze uchafuzi hakulazimika kutaja dhamiri. Aliweza kutaja mtaji. Mwaka 2017 wenye hisa wa ExxonMobil, kwa asilimia 62, waliitaka kampuni yao ieleze hatari hizo, na mwezi Desemba mwaka huo wawekezaji wakubwa waliungana katika umoja uitwao Climate Action 100+ ili wazungumze kwa sauti moja na makampuni yenye kutoa gesi nyingi zaidi, Total ikiwamo.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha apasapo kusimama kidogo. Kiswahili cha kawaida kina neno moja, hatari, nalo limebeba mambo mawili ambayo Kiingereza na Kifaransa huyatenga: jambo linaloweza kumdhuru mtu, na kadirio la hasara inayoweza kuifika mali. Nyoka aliye mlangoni ni hatari. Bei ya kahawa inayoweza kushuka nayo ni hatari. Maofisi ya serikali ya Tanzania yameona upungufu huo yakaanza kutumia kihatarishi na vihatarishi kwa maana ile ya pili, na sasa vitabu vya hesabu na ukaguzi vimejaa usimamizi wa vihatarishi. Neno halina sura nzuri, lakini lina manufaa yake, kwa sababu bila ya kutenga maana hizo mbili haiwezekani kuyaelewa yaliyopita Paris. Wenye hisa walipotaka hatari ya tabianchi isimamiwe, hawakuwa wakisema juu ya maji ya Ziwa Viktoria, ambayo mwezi Mei 2020 yalipanda kupita kipimo cha mwaka 1964 kilichokuwa hakijapitwa, yakaingia katika majumba na mashamba ya pwani yake. Walikuwa wakisema juu ya kihatarishi: bomba litakalogharimu mabilioni ya dola na kutumika miaka ishirini na zaidi litakuwa na thamani gani ikiwa wanunuzi wa mafuta watapungua kabla halijarudisha gharama? Hoja hiyo ni halali, na pengine ndiyo pekee ambayo mkutano wa wenye mali ungeweza kuisikia. Ila si hoja ya mtu wa Muleba.

Mwaka 2020 wawekezaji 11, wakiongozwa na kampuni ya Kifaransa ya Meeschaert, walileta azimio la kuibadilisha katiba ya Total ili kampuni ilazimike kuweka malengo ya kupunguza gesi zake zote, pamoja na zile zitokazo wateja wanapoyachoma mafuta. Si jambo jepesi: sheria ya Ufaransa yataka waletao azimio wawe na sehemu ya mtaji ambayo, kwa kampuni yenye ukubwa huo, ni yapata nusu ya asilimia moja, nayo ni fedha nyingi sana. Siku chache kabla ya mkutano, tarehe 5 Mei, Total ilitangaza pamoja na wawekezaji wa Climate Action 100+ kwamba itakusudia kufuta gesi zake kwa hesabu ya jumla ifikapo mwaka 2050. Mwenye kusoma tangazo hilo kwa haraka aliona kazi imekwisha. Mwenye kulisoma polepole aliona kwamba kwa mitambo ya kampuni ahadi ilikuwa ya dunia nzima, lakini kwa mafuta yanayochomwa na wateja ahadi ilikuwa ya Ulaya. Gesi itokayo katika pipa lililosafirishwa kutoka Hoima, likapita Muleba, likapakiwa Tanga na kuuzwa Asia, haikuwamo katika hesabu hiyo. Azimio la wawekezaji 11 lilipata asilimia 16.8 ya kura.

Hakuna kipindi kinachoonyesha mgongano huu vizuri zaidi kuliko siku kumi za mwezi Mei 2021. Tarehe 18 Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo kwa nusu karne lilijulikana kama rafiki wa wachimba mafuta, lilitoa taarifa iliyosema kwamba ikiwa dunia yataka kufuta gesi zake ifikapo 2050, hakuna haja ya visima vipya vya mafuta zaidi ya vile vilivyokwisha kuidhinishwa. Tarehe 20, Ikulu ya Dar es Salaam, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Museveni, serikali ya Tanzania na kampuni ya bomba walitiliana sahihi mkataba wa nchi mwenyeji. Tarehe 28 wenye hisa walikutana. Wakakubali kwamba Total ibadilishe jina na kuitwa TotalEnergies, na mpango wa tabianchi uliowekwa mbele yao na bodi ukapata kura zaidi ya asilimia 90. Visima vya Ziwa Albert vilikuwa bado havijapewa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Uamuzi huo ulitangazwa Kampala tarehe 1 Februari 2022.

Baada ya hapo mikutano ilikuwa ya ghasia zaidi na yenye matokeo kidogo. Mwaka 2022 bodi ilikataa hata kuliweka azimio la wawekezaji katika ajenda, ikisema laingilia madaraka yake. Na siku ya mkutano waandamanaji waliizunguka Salle Pleyel hata wenye hisa wengi wakashindwa kuingia. Mpango wa bodi ulipata karibu asilimia 89. Mwaka 2023 polisi walitumia mabomu ya machozi katika mtaa huo huo, na ndani ya ukumbi likapigiwa kura azimio la Follow This, chama cha Kiholanzi kilichoasisiwa na Mark van Baal, aliyekuwa mwandishi wa habari. Chama hicho, pamoja na wawekezaji 17, kiliitaka kampuni iyalinganishe malengo yake ya mwaka 2030 na Mapatano ya Paris. Kilipata asilimia 30.4. Bodi zenye desturi ya kupata tisini katika mia haziwezi kuipuuza thelathini, ingawa thelathini haiamui neno. Mwaka 2024, kampuni ilipotimiza miaka mia, mkutano ulihamishiwa makao makuu ya La Défense, na taarifa ya tabianchi ikapata karibu asilimia 80, chini ya miaka yote iliyotangulia.

Kwa hesabu ya kura, basi, wenye hisa waliopinga walishindwa kila mara. Lakini historia ya bomba haikuandikwa katika ukumbi wa Salle Pleyel peke yake. Lugha ile ile ya kihatarishi ilikuwa imekwisha kuingia katika benki, ambazo nazo zina wenye hisa wao na mikutano yao. Mwaka 2021 benki kubwa tatu za Ufaransa, BNP Paribas, Société Générale na Crédit Agricole, zilithibitisha kwamba hazitakopesha fedha za bomba. Wengine wengi wa Ulaya, Marekani na Asia wakafuata, na mwaka 2023 Standard Chartered nayo ikajitoa. Makampuni makubwa ya bima, kama Allianz, Munich Re na Swiss Re, yalisema hayatalikatia bima. Bunge la Ulaya likapitisha azimio mwezi Septemba 2022 la kuushutumu mradi, na viongozi wa Uganda wakajibu kwa ukali kwamba huo ni ukoloni mpya. Wakati huo gharama, ambayo mwanzoni ilitajwa kuwa dola bilioni 3.5, ilikuwa ikipanda hata ikapita bilioni 5.

Matokeo ya jambo hili hayakutajwa sana katika magazeti ya Ulaya, nayo ndiyo yanayoigusa Buhaya. Mkopo ulipochelewa, kazi haikusimama: wenye hisa wa bomba walitoa fedha zao wenyewe. Na miongoni mwa wenye hisa hao ni mashirika mawili ya umma, la Uganda na la Tanzania. Kwa hiyo shinikizo lililokusudiwa kumfanya mtaji wa Ulaya akimbie lilimfanya mwenye hisa maskini abebe zaidi. Wale waliolianzisha hawakulitaka hilo, wala haki haitendeki kwa kuwalaumu wao peke yao, kwa kuwa serikali zenyewe ndizo zilizochagua kuingia na kuendelea. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kile ambacho kwa mfuko wa pensheni wa Uholanzi kilikuwa kihatarishi kilichoepukwa, hakikutoweka duniani. Kilihamia katika vitabu vya Hazina za Kampala na Dodoma.

Huko Bukoba na Muleba mradi ulijulikana kwa maneno mengine kabisa. La kwanza ni mkuza, lile lililozoeleka kwa nguzo za umeme, ambalo sasa lilimaanisha ukanda wenye upana wa mita 30 ambamo hairuhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti yenye mizizi ya kwenda chini. La pili ni tathmini, na la tatu ni fidia. Na kati ya hayo mawili kulikuwa na kungoja. Mali ilihesabiwa kwa sehemu kubwa mwaka 2018, bomba likakwama katika mabishano ya kodi na mauzo ya hisa za Tullow, kampuni iliyokuwa mshirika wa kwanza na iliyojitoa mwaka 2020 kwa dola milioni 575. Na malipo yakaja kutolewa kwa wingi miaka ya 2021 na 2022. Watu na kaya zaidi ya 9,000 katika Tanzania nzima waliguswa. Sheria ya nchi yataka fidia ilipwe upesi baada ya tathmini kuidhinishwa, na ikichelewa iongezwe riba. Lakini mkulima aliyeambiwa asipande tena mazao ya kudumu katika shamba lililokwisha kuhesabiwa hapotezi fedha tu. Mgomba usiopaliliwa na kufunikwa nyasi hudhoofika, na mbuni uliotelekezwa miaka mitatu haurudi ulivyokuwa.

Wala kibanja si shamba kama ilivyoandikwa katika karatasi za uthamini. Kibanja ni nyumba, migomba iizungukayo, mibuni iliyo chini ya migomba, na makaburi ya waliotangulia. Udongo wake mweusi haukuwako tangu asili, bali umefanywa na vizazi vya watu waliobeba nyasi za rweya na samadi ya ng'ombe. Rweya, kwa upande wake, huonekana na mgeni kuwa pori tupu, na mthamini aliyetoka mbali angeweza kuiandika hivyo, ilhali bila ya nyasi zake kibanja hakiishi. Taarifa ya mwaka 2023 ya shirika la GreenFaith ilisema kwamba makaburi zaidi ya 2,000 yaligunduliwa katika njia ya bomba. Katika azimio lolote kati ya hayo yaliyopigiwa kura Paris mwaka 2020 na 2023, hapakuwa na neno la kaburi wala la rweya. Yalikuwa maazimio ya gesi na malengo, na kwa mujibu wa sheria ya makampuni hayakuweza kuwa kitu kingine.

Yaweza kuulizwa kama Tanzania, inayotoa gesi kidogo mno ukiilinganisha na Ulaya, yapasa kuacha mapato kwa ajili ya kosa lililofanywa na wengine. Swali hilo limeulizwa na viongozi wa nchi zote mbili, na lina uzito. Mwaka 2022 Climate Accountability Institute ilikadiria kwamba mafuta yatakayopita katika bomba hilo kwa miaka 25 yataleta tani milioni 379 za gesi ya ukaa, karibu zote zikitoka pale yatakapochomwa katika nchi za mbali. Bukoba, ambayo hupata mvua ya yapata milimita 2,000 kwa mwaka na ambayo maisha yake yote yamejengwa juu ya kutegemea kwamba mvua hiyo haitakosekana, imo katika swali hilo pande zote mbili: ni mwenye bomba na ni mwenye mvua.

Mwenye bomba kwa maana gani? Asilimia 15 ya Shirika la Maendeleo ya Petroli ni mali ya umma, na kwa hiyo mkulima wa Muleba ni mmoja wa wamiliki. Lakini umiliki huo haumpi kiti katika mkutano wowote. Hawezi kuleta azimio, wala kuuza fungu lake akiliona lina hasara, kama wafanyavyo wenye hisa wa Paris wakichoka. Ukilinganisha na hisa ya ushirika ya mwaka 1950, ambayo ilimgharimu shilingi zake mwenyewe na kumpa kura sawa na ya tajiri, hisa hii ya pili ni kubwa zaidi kwa thamani na ndogo zaidi kwa nguvu. Njia iliyobaki ilikuwa mahakama. Mwezi Novemba 2020 mashirika manne ya Afrika Mashariki yalipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mwezi Novemba 2023 shauri likatupwa kwa sababu ya kuchelewa kuletwa, kabla ya kusikilizwa kwa yaliyomo.

Mwezi Machi 2025 kampuni ya bomba ilitangaza kwamba imepata fungu la kwanza la mikopo ya nje. Hapakuwa na benki ya Paris wala ya London katika orodha iliyotangazwa. Waliokuwamo ni Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Bank Uganda, na shirika la kiislamu la kuendeleza sekta binafsi lenye makao Jeddah. Kwa hiyo mahali pa mabishano pamehama. Wenye hisa wa Standard Bank walikwisha kulijaribu jambo hili mapema: mwezi Mei 2019, mjini Johannesburg, walipigia kura maazimio mawili ya tabianchi, ya kwanza ya namna yake nchini humo. Lile la kuitaka benki ipime hatari iliyomo katika mikopo yake lilishindwa kwa kupata asilimia 38, na lile la kuitaka itangaze msimamo wake juu ya kukopesha wachimba makaa ya mawe likapita kwa asilimia 55. Na KCB ya Nairobi, mama wa ile ya Uganda, tangu mwaka 2008 hisa zake zimeandikishwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Zanunuliwa kwa shilingi za Tanzania na mtu yeyote mwenye akaunti kwa dalali, awe wa Kariakoo au wa Kamachumu, na kila hisa ina kura moja katika mkutano mkuu wa kampuni hiyo.